Alikuwa mwenye maduka, wakamkabidhi tumbo la Uingereza nzima: uzi wa Lodi Woolton

MzeeWaKaunta

Wakuu, habari za jioni.

Nimekaa nyuma ya kaunta miaka thelathini na ushee, nusu yake kwenye duka la jumla hapa Morogoro. Kila uchaguzi ukikaribia nasikia wimbo uleule: wanasiasa wameshindwa, tupeni mfanyabiashara aongoze wizara muone nchi inavyokimbia. Zamani nami nilikuwa muitikiaji mzuri wa wimbo huo. Siku hizi nauliza kwanza: mfanyabiashara yupi, na alijifunza nini dukani?

Leo namleta mmoja aliyeyafanya hayo kweli. Jina la nyumbani Frederick Marquis, jina la ukubwani Lodi Woolton. Nitaandika kwa vipande, mwenye haraka apite salama.

*Kipande cha kwanza*

Kazaliwa Salford, pembeni ya Manchester, tarehe 23 Agosti 1883. Baba yake alikuwa fundi wa matandiko ya farasi. Ndiye mtoto pekee aliyebaki, kwa hiyo wazazi walijinyima wakamsomesha: Manchester Grammar School, halafu chuo kikuu palepale mjini. Akafundisha shule kidogo, akafanya utafiti wa uchumi, na ujana wake wote alikuwa mjamaa. Ndiyo, mjamaa wa kuhudhuria mikutano kabisa. Mtanishangaa baadaye nikiwaambia alikoishia.

Kisha akahamia Liverpool, mitaa ya bandarini, kusimamia klabu na makazi ya kuwahudumia watu maskini. Hapa msome polepole. Aliishi hukohuko uswahilini kwao, siyo kwamba alikuwa anaenda mchana na kurudi kwenye bustani jioni. Mwenyewe alikuja kusimulia kwamba jirani yake, mama wa mlango wa pili, alikufa kwa njaa. Kwa njaa, katika moja ya bandari tajiri kuliko zote duniani, ukuta mmoja na alipokuwa analala yeye. Hakujua mpaka mama wa watu kesha kufa.

Vita ya kwanza ilipokuja jeshi lilimkataa kwa sababu ya afya. Wakampeleka ofisini, kwenye udhibiti wa ngozi, mpaka akawa msimamizi wa viatu vya raia. Ndiko alikojifunza jinsi serikali inavyonunua mali, na jinsi inavyonunua vibaya. Anasema ndiko ujamaa ulikomtokea puani.

Mwaka 1920 akaingia Lewis's. Hilo lilikuwa duka la ghorofa lenye kila kitu, makao makuu Liverpool, matawi Manchester, Birmingham na kwingineko. Familia ya kina Cohen, Wayahudi, ndio waliolimiliki, na Marquis akawa mtu wa kwanza asiye Myahudi kukaa kwenye bodi yao. 1928 mkurugenzi mtendaji, 1936 mwenyekiti. Katikati hapo, 1935, mfalme akampa u-Sir.

Jambo moja la mwaka 1938 nalipenda sana. Hitler ameimeza Austria, serikali ya London inambembeleza, Marquis akasimama mbele ya watu akatangaza kwamba maduka yake hayanunui tena bidhaa za Ujerumani. Ofisi ya waziri mkuu ikamkaripia: wewe muuza nguo, mambo ya nje yanakuhusu nini? Hakurudi nyuma.

1939 akafanywa lodi. Kukatokea kichekesho. Kwa Waingereza "Marquis" ni cheo cha ukabaila, kikubwa kuliko hicho cha baroni alichopewa. Angejiita Lodi Marquis ingekuwa kama koplo anayeitwa Kapteni. Ikabidi atafute jina jingine, akachukua la kitongoji cha Liverpool alichokuwa akiishi: Woolton.

Naenda kuswali, nikirudi naendelea.

Kibuyu_Kikavu

Nimeweka mkeka mbele kabisa. Usitukimbie mzee, kuna nyuzi humu ziliachwa kipande cha kwanza mwenye uzi akaenda "kuswali" tangu mwaka juzi.

OtienoWaMilimani

Shikamoo mzee. Mimi niko Kisumu. Kabla hujaendelea, hebu nifafanulie hili jambo la ulodi. Alichaguliwa na nani? Kwetu tangu katiba ya 2010 waziri hatakiwi kuwa mbunge. Rais anamteua, bunge linamhoji, basi. Huyu aliingiaje?

MzeeWaKaunta

Marahaba mwanangu, swali zuri. Uingereza waziri lazima atoke bungeni, lakini bunge lao lina nyumba mbili. Ya chini watu wanaipigia kura. Ya juu, Bunge la Malodi, wakati ule ilikuwa ya kurithi au kupewa na mfalme kwa ushauri wa waziri mkuu. Kwa hiyo ukitaka mtu wa nje awe waziri bila kumpitisha kwenye kampeni, unampa ulodi. Kwa sisi Watanzania fikirini zile nafasi kumi za wabunge wanaoteuliwa na rais: mtu analetwa leo mbunge, wiki ijayo waziri. Tofauti ni kwamba ulodi wa wakati ule mtu anakufa nao, na mtoto anaurithi.

Na niseme mapema ili msije mkanishitaki: Woolton hajawahi kugombea ubunge maisha yake yote. Hajawahi kuomba kura moja ya mtu.

*Kipande cha pili*

Aprili 1940 Neville Chamberlain anamwita awe Waziri wa Chakula. Mwezi uliofuata Chamberlain anaanguka, anaingia Churchill, naye anambakisha. Hana chama. Mezani kuna hali hii: kabla ya vita karibu theluthi mbili ya chakula cha Waingereza kilitoka ng'ambo kwa meli. Sasa nyambizi za Wajerumani zinazizamisha meli hizo. Wewe uliyeuza duka unaelewa: mzigo haufiki, na wateja milioni arobaini na kitu wako mlangoni.

Mgao ulikuwa umeshaanza Januari 8 ya mwaka huo, siagi, sukari na bekoni. Yeye hakuuanzisha. Alichofanya ni kuuendesha kama mtu anayejua stoo. Nawapa utaratibu wake kwa lugha ya kaunta.

Kila mtu ana kitabu chake cha mgao, na anajiandikisha kwenye duka moja analolichagua. Duka linapelekewa mzigo kulingana na idadi ya vichwa vilivyojiandikisha. Kwa hiyo mwenye duka anajua Jumatatu atauza nini mpaka Jumamosi, na mteja anajua sehemu yake ipo hata akichelewa. Chai gramu 57 kwa wiki, sukari kama gramu 227, siagi gramu 57 au zaidi kidogo kutegemea msimu. Kidogo, lakini kipo.

Na hapa ndipo nilipoanza kumheshimu. Wizara ilishika kanuni kwamba kitu usichoweza kuhakikisha kila mtu anakipata, usikiweke kwenye mgao. Samaki hawakuwekwa. Matunda hayakuwekwa. Viazi vilikuwepo tele, vya nini kuvigawa kwa kitabu? Ukishamwandikia mtu kwamba ana haki ya gramu 57, hizo gramu 57 ni deni.

Wa rika langu mtakumbuka miaka ya themanini mwanzoni. Mjumbe wa nyumba kumi ana orodha, kaya yenu imeandikwa kilo mbili za sukari, mama kakutuma na mfuko alfajiri. Unapanga foleni, jua linakuchoma, saa tano mlango unafunguliwa, wa kumi na tano anaambiwa imeisha. Orodha ilikuwa sahihi kabisa, mhuri na kila kitu. Mimi nilikuwa wa ishirini na mbili, na nilirudi nyumbani nikachapwa juu, eti nilicheza njiani.

Tuendelee. Desemba 1941 ukaja mgao wa pointi. Vyakula vya makopo ni vichache na vya aina nyingi, huwezi kumgawia kila mtu robo kopo. Kila mtu akapewa pointi 16 kwa wiki nne, azitumie atakavyo. Samaki wa kopo bora anakula pointi nyingi, maharage machache. Kitu kikianza kuisha wizara inakipandishia pointi; kikidoda rafuni inazishusha. Ndugu zangu, hiyo ni bei! Kampa mteja uhuru wa kuchagua bila kumruhusu tajiri amalize rafu lote. Wazo lenyewe lilitoka kwa Wajerumani, lakini mtu wa maduka ndiye aliyejua kulichezesha.

Mkate hakuugusa. Vita nzima haukugawiwa kwa kitabu. Alichofanya mwaka 1942 ni kubadili unga: ngano isikobolewe sana, asilimia 85 ya punje ibaki kwenye unga, ili meli chache zilete mikate mingi. Ukatoka mkate wa rangi ya vumbi. Waliulalamikia kila siku, na waliula.

Halafu watoto. Maziwa ya bei nafuu au ya bure kwa wajawazito na wadogo tangu Julai 1940, baadaye maji ya machungwa na mafuta ya ini la samaki. Alikuwa na mwanasayansi wa lishe, Jack Drummond, na alimsikiliza. Vita ilipoisha, vifo vya watoto wachanga vilikuwa chini kuliko kabla ya vita. Mabomu yanaanguka, chakula cha kupimwa, na watoto wanakufa wachache zaidi. Mimi kila nikifika hapo namkumbuka yule mama wa mlango wa pili.

Kingine ni mdomo wake. Alisema na watu redioni kama muuzaji anayekwambia ukweli: wiki hii jibini hakuna, sababu ni hii, pikeni viazi. Wizara ikawa na kipindi cha asubuhi cha mapishi ya vita, na vibonzo vya kiazi na karoti vya kuwashawishi watoto. Mpishi mkuu wa hoteli ya Savoy, François Latry, akatunga pai ya mboga tupu, ikapewa jina la waziri: pai ya Woolton. Nadhani ni mawaziri wachache duniani waliokubali jina lao libandikwe kwenye chakula ambacho watu wanakitukana.

Wanasimulia pia kwamba Churchill aliomba aletewe mgao wa mtu mmoja auone. Ukawekwa mezani, akatazama, akasema hii siyo mbaya, mlo wa kutosha. Wakamwambia mzee, hiyo ni ya wiki nzima.

Mchokonozi

Mzee naheshimu mvi, ila ngoja nimwage maji kidogo kwenye moto wako.

Moja, vita ndiyo iliyombeba. Serikali ilikuwa mnunuzi pekee, ilipanga bei, magazeti yamedhibitiwa, anayepinga anaonekana msaliti. Nipe na mimi nchi ya namna hiyo niwe waziri bora.

Mbili, usawa gani huo? Hotelini watu wenye pesa walikula bila kutoa kitabu cha mgao. Waliweka kikomo cha shilingi tano kwa mlo mwaka 1942, lakini hoteli za kifahari ziliruhusiwa kuongeza tozo juu yake. Na hao samaki unaowasifia kwamba hawakugawiwa, nani aliwanunua? Mwenye nacho.

Tatu, amekiri mwenyewe mwenye uzi: hakuchaguliwa na mtu.

MzeeWaKaunta

Mchokonozi, la pili nakupa lote, wala silipunguzi. La shilingi tano lilikuwa kiraka. Naongeza tu kwamba upande wa pili wizara ilisukuma migahawa ya umma, mlo wa moto kwa bei ya chini bila kukatwa mgao, na kufikia 1943 ilikuwa zaidi ya 2,000. Churchill ndiye aliyeipa jina la "migahawa ya Kiingereza". Jina la kwanza la kiofisi lilimnukia ukomunisti.

La kwanza nusu. Madaraka kweli alikuwa nayo. Lakini nchi ngapi zimekuwa na mnunuzi mmoja, bei moja na magazeti yaliyonyamaza, na sukari haikufika? Sisi wenyewe tulikuwa na hayo yote. Mwaka 1983 zikaja kamata kamata za wahujumu uchumi, watu wakatupa mabati na sabuni mtoni usiku. Madaraka yalikuwepo ya kumwaga. Sabuni ndiyo haikuwepo.

Binti_wa_Kongwa

Shikamoo mzee Kaunta, na wakubwa wote. Nimekuwa nasoma kimya ila mmefika kwangu. Wizara hiyohiyo ya Chakula ya Uingereza ndiyo iliyokuja Kongwa na mpango wa karanga! Babu yangu alifanya kazi pale, alikuwa anatusimulia matingatinga yaliyotengenezwa kutokana na vifaru vya vita. Huyu Woolton wako alihusika?

MzeeWaKaunta

Marahaba binti. Hapana, yeye aliondoka wizara hiyo mwaka 1943. Mpango wa karanga ulikuja chini ya John Strachey, waziri kutoka chama cha Labour. Lakini umenigusa penyewe, maana wazo lile nalo lililetwa na mfanyabiashara. Frank Samuel, mkurugenzi mtendaji wa United Africa Company, kampuni ya kina Unilever. Mwaka 1946 Uingereza haina mafuta ya kupikia wala ya majarini, yeye akaenda serikalini na pendekezo: tulime karanga Tanganyika kwa mashine.

Ikatumwa timu, ikazunguka wiki tisa, sehemu kubwa kwa ndege. Wakarudi na hesabu: zaidi ya ekari milioni tatu, pauni milioni 25 kwa miaka sita. Wewe wa Kongwa unaijua ardhi yenu kiangazi.

Binti_wa_Kongwa

Saruji, mzee. Jembe linarudi mkononi. Na mibuyu ile mizizi yake haiulizwi na tingatinga. Babu alisema Wagogo waliwaambia mapema mvua ya hapa haina ahadi, ndiyo maana wenyewe wanafuga.

MzeeWaKaunta

Hapo sasa. Januari 1951 wakautangaza umekufa, na pauni kama milioni 36 zikafutwa vitabuni. Urambo na Nachingwea vilevile, na reli mpya kutoka Mtwara ikabaki bila mzigo wa maana.

Weka wafanyabiashara wawili hao kwenye mizani. Samuel hakuwa mjinga, alikuwa mtu wa makampuni makubwa. Lakini alikwenda serikalini na hesabu ya kitu ambacho hakijaota. Woolton maisha yake yote alihesabu kilichopo stoo jioni hiyo. Ndiyo maana nikisikia "tupeni mfanyabiashara" nauliza: wa karatasi au wa stoo? Wote wanavaa suti moja.

*Kipande cha tatu, kifupi maana hakinifurahishi sana*

Mwishoni mwa 1943 Churchill akamhamisha kuwa Waziri wa Ujenzi Mpya, kupanga nchi itakavyokuwa vita ikiisha, na akaingia baraza la vita. Mwaka 1944 serikali ikatoa waraka ikikubali kwamba kuhakikisha watu wengi wana ajira ni kazi ya serikali, na yeye alikuwa mmoja wa waliousukuma.

Julai 1945 Churchill akashindwa vibaya na Labour. Siku hiyohiyo matokeo yalipotoka, Woolton, aliyekaa bila chama vita nzima, akajiunga na Conservative, chama cha Churchill. Kujiunga na chama siku kimepigwa! Wengine wanasema uungwana, wengine wanasema aliona bidhaa iliyoshuka bei akainunua.

1946 wakampa uenyekiti wa chama, akakaa mpaka 1955. Na hapo alirudi dukani kabisa. Aliomba wanachama wachange pauni milioni moja. Wenzake walidhani kachanganyikiwa, zikapatikana. Wanachama wakafika zaidi ya milioni mbili. Na wakati wa uenyekiti wake ikapitishwa kanuni kwamba mgombea asichangie jimbo lake zaidi ya pauni 25 kwa mwaka. Kabla ya hapo tajiri alikuwa anajinunulia jimbo: analipa gharama zote za kampeni, basi ndiye mgombea. Hiyo ya pauni 25 ningependa ivuke bahari ije huku, lakini nisianzishe ugomvi.

Kisichonifurahisha ni hiki. Julai 1946 serikali ya Labour ililazimika kuugawa mkate kwa kitabu, kitu ambacho vita yenyewe haikukifanya, maana dunia nzima ngano ilikuwa shida na Ujerumani nako watu wana njaa. Hakuna aliyeijua hesabu ile kama Woolton. Lakini chama chake kiliwapiga Labour kwa mkate huohuo, foleni hizohizo, na baadaye karanga za Kongwa. Mtu aliyefundisha taifa zima kuvumilia mgao akaja kuongoza chama kilichopata kura kwa hasira za mgao. 1951 wakashinda viti, ingawa Labour walipata kura nyingi zaidi yao.

Churchill akampa kazi ya kuwasimamia mawaziri wawili, wa chakula na wa kilimo, akiwa kule juu kwa malodi. Haikufanya kazi. Wabunge wakauliza: sasa tunamhoji nani, waziri aliyeko hapa au lodi aliyeko kule tusikoweza kumwita? Mwaka 1952 akaugua sana katikati ya mkutano wa chama, karibu kufa. Alibaki barazani kwa nafasi nyepesi, na alikuwemo tarehe 4 Julai 1954 mgao ulipokwisha kabisa, miaka kumi na minne na nusu tangu uanze. 1956 akapandishwa kuwa eli, ngazi mbili juu ya alipoanzia. Akafa Desemba 14, 1964.

Mchokonozi

Aa, hapo tumekutana mzee. Hoja yangu ya tatu umeijibu mwenyewe bila kujua. Akiwa wizara moja, kazi moja, watu walimwona kila siku redioni na kaunta ilimhukumu: chai ipo au haipo. Alipofanywa msimamizi wa mawaziri juu kwa juu, hakuna aliyejua amwulize nini. Kwa hiyo shida siyo tu kuchaguliwa. Shida ni kama kuna mahali pa kumshika shati.

OtienoWaMilimani

Hilo la kushika shati nimelipenda. 1984 kwetu kulikuwa na ukame, mahindi ya njano yakaja kutoka Amerika. Mama yangu hadi leo hayataki machoni, lakini anasema yalifika. Watu walilalamika rangi tu.

Kibuyu_Kikavu

Otieno hata huku tulikula ya njano, unga wa Yanga tuliuita. Sisi wa Simba ilikuwa mateso mara mbili.

NesiWaMersey

Wakubwa shikamooni, wenzangu mambo. Naandika kutoka Liverpool, nafanya kazi hospitali huku mwaka wa tisa. Lile jengo la Lewis's napita chini yake karibu kila siku na sikuwahi kujua habari hii. Duka lenyewe lilifungwa 2010. Mzee hukusema: duka lake liliungua kwa mabomu Mei 1941, akiwa waziri. Lililosimama sasa ni lililojengwa upya, na juu ya mlango kuna sanamu kubwa ya mwanamume uchi wa mnyama amesimama kwenye omo ya meli. Imewekwa 1956, kukumbuka mji ulivyoinuka. Wenyeji wanamwita Dickie Lewis, na wakitaka kukutana mjini wanaambiana "chini ya Dickie". Nilipofika mara ya kwanza niligeuza uso pembeni, nikahisi mama ananiona kutoka Tanga.

Na Woolton penyewe ni uzunguni hasa, majumba ya mawe mekundu. Watalii wanaenda kwa sababu nyingine: ndiko Lennon na McCartney walikokutana, kwenye tamasha la kanisa 1957. Ukimuuliza dereva wa basi Lodi Woolton ni nani, anakwambia shuka kituo kinachofuata.

MzeeWaKaunta

Nesi, Mungu akubariki. La kuungua nililijua lakini sikujua la kuweka wapi. Mimi stoo yangu ilishika moto mara moja, magunia kumi na moja ya mchele, na wiki nzima sikuweza kuongea na mteja bila kugomba. Huyu duka zima limekwisha na kesho anatakiwa aongee na watu kwa upole kuhusu viazi.

Mama_Sufuria

Nimewaacha mmalize siasa. Mimi leo mchana nimeipika hiyo pai. Nipo Arusha, kwa hiyo vitu vyote vipo sokoni Kilombero: viazi mviringo, karoti, koliflawa, vitunguu vya majani. Kile kiazi chao cha jamii ya tanipu sikukipata, nikaweka boga. Wanasema kila kitu kiasi sawa, unachemsha pamoja na kijiko cha oti mpaka supu iwe nzito, unamwaga kwenye bakuli la kuokea, juu unafunika kwa viazi vya kuponda au unga, unaoka hadi pawe na rangi ya dhahabu. Kitoweo ni rojo la kahawia.

Matokeo. Bila chumvi ya kutosha ni chakula cha mgonjwa. Mume wangu kaonja akauliza nani kalazwa. Mara ya pili nikakaanga vitunguu na nyanya kwanza, nikatia pilipili manga, bizari kidogo na tui la nazi nusu kikombe. Watoto wakamaliza bakuli.

Mchokonozi

Tui la nazi siyo pai ya Woolton tena hiyo dada.

Mama_Sufuria

Nazi haikuwa kwenye mgao.

MzeeWaKaunta

Nesi, ukipata siku mapumziko hebu piga picha ya jengo utuwekee humu. Ya jengo, huyo Dickie umkatie kiunoni. Kesho nafunga hesabu ya mwezi, sitakuwepo mpaka Jumapili.